Suti ya Pikipiki

"Mama mdogo, kwa nini uliacha kushona?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka minane. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, naye amepiga magoti mbele ya pikipiki ya mtu, anaifuta kwa spiriti. Hakugeuka. Aliniambia nikaangalie kama maji ya chai yamechemka. Nikaenda, nikakuta hayajawekwa hata jikoni, nikarudi kumwambia. Akasema basi nikayaweke. Ndivyo alivyonijibu, na kwa miaka mingi sikupata jibu jingine.

Swali lenyewe halikuwa la ajabu, maana kwetu kila mtu anashona. Babu, baba yake mama, ni fundi wa suti, na mtaa mzima unamwita Mzee Futi kwa sababu futi yake ya kupimia haishuki shingoni hata anapokula. Mama yangu anashona magauni. Mama mdogo, ambaye ni kitinda mimba wao, alifundishwa cherehani kabla hajajua kusoma vizuri, na wanaomjua tangu zamani wanasema mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa dada yake. Halafu siku moja akaacha, kama mtu anavyoweka kijiko chini. Akaenda kujifunza kwa fundi mmoja wa stika za magari. Aliporudi alikuwa na mashine ya upepo wa moto, visu vyembamba na roli la plastiki jeusi. Akatundika turubai ubavuni mwa nyumba ya babu, akaanza kuvalisha pikipiki.

Nasema kuvalisha kwa sababu ndilo neno lake. Wateja wao husema wanabandika stika ya kaboni. Plastiki yenyewe ni nyeusi, ina mistari midogo ya mshazari iliyopandana kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye subira, na ukiitazama unaweza kuapa kwamba ni ile kaboni ya kweli ya pikipiki za mashindano. Nilimuuliza kama pikipiki ikivaa hiyo inakimbia zaidi. Akasema haikimbii zaidi, ila mwenyewe anajiona anakimbia, na hiyo inamtosha.

Adui wa kazi hii ni vumbi. Punje moja ikiingia chini ya plastiki inavimba kama chunusi juu ya tangi, na mwenye pikipiki ataigusa kwa kidole kila asubuhi mpaka aichukie mali yake. Pale ubavuni vumbi lilikuja na kila gari lililopita. Mama mdogo alimwagia maji sakafu, akaning'iniza mapazia, akafanya kazi mapema kabla barabara haijachangamka, na bado ziko siku alibandua kipande kizima akakitupa, kisha akakaa akikitazama kama mtu aliyefiwa na kuku. Alichohitaji ni chumba chenye mlango. Na chumba kilikuwapo: kile cha mbele, kinachotazama barabara, ambamo babu alikuwa anashonea.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Usidhani wangeweza kugawana. Chumba cha fundi cherehani kina vumbi baya kuliko la barabarani. Kuna vipande vya nyuzi, manyoya ya kitambaa, unga wa chaki, na vyote vinapenda gundi. Cherehani na plastiki ya kaboni haviwezi kulala chumba kimoja. Kumpa mama mdogo chumba maana yake babu aache kushona.

Macho ya babu yalikuwa yameshaanza kumfanyia utani. Aliniita kila mara nimtungie uzi kwenye sindano, huku akidai kwamba siku hizi viwanda vinatoboa matundu madogo kwa ubahili. Mama alimwomba apumzike, akasema atapumzika akishazikwa, nafasi ya kulala huko ni kubwa. Mama mdogo aliomba chumba mara moja tu, kwa sauti ya chini, baada ya chakula, akiwa anakusanya sahani. Babu alichokonoa meno kwa muda mrefu kuliko chakula kilivyostahili.

"Nivalishe kwanza pikipiki yangu," akasema. "Niione hiyo kazi yenyewe. Halafu tutazungumza."

Pikipiki yake ilikuwa ya umri wa mama mdogo au zaidi. Zamani ilikuwa nyekundu. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwapelekea wateja suti zao zikiwa zimelazwa juu ya tangi mbele yake, basi tangi lilikuwa limechubuka rangi na kuota kutu. Mama mdogo aliisugua kwa msasa na kuiosha, akaikausha, akaipitisha spiriti mara nyingi mpaka ikanuka kama hospitali. Babu akatoa sharti moja zaidi: kwa kuwa kinachoombwa ni chumba, kazi ifanyikie humo chumbani.

Jumamosi iliyofuata mama mdogo alifuta kuta kwa kitambaa cha maji kuanzia juu hadi chini, akafunika majora ya vitambaa, akaloanisha sakafu. Babu akaleta kiti chake akakiweka nyuma ya binti yake kabisa, akakaa na futi yake shingoni, mikono juu ya magoti. Mimi niliruhusiwa kukaa dirishani kwa masharti mawili, nisiguse kitu na nisiulize kitu. La kwanza nililiweza.

Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Alibandua karatasi ya nyuma, akaitandaza plastiki juu ya tangi bila kuibana, kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Kisha akaanza kuisukuma kutoka katikati kwenda pembeni kwa kibao chake cha plastiki kilichozungushiwa kitambaa laini. Mapovu ya hewa yakakimbia mbele ya kibao mpaka yakaishiwa pa kwenda. Kwenye mikunjo ya tangi aliwasha upepo wa moto, plastiki ikalegea kama utando wa maziwa, naye akaivuta kidogo kwa vidole. Kidogo, kwa sababu ukiivuta sana ile mistari inapanuka na kupauka, na hapo hata aliye mbali atajua.

Upande wa kushoto ukakaa. Mama mdogo alipoandaa kipande cha kulia, babu akakohoa.

"Mshono utakaa wapi?"

"Juu, katikati, baba."

"Na mistari itakutana?"

Kisu kikasimama mkononi mwa mama mdogo. Alikitazama kile kipande juu ya meza. Akakizungusha robo, akakipima kwa macho, akakata.

Mimi sikuona ubaya wowote. Kilipobandikwa, mistari ya kushoto na ya kulia ilikutana juu ya tangi kama miiba ya samaki inavyokutana mgongoni. Ilipendeza mno. Madigadi na vifuniko vya pembeni navyo akavikata kwa mtindo huohuo, kushoto kukitazamana na kulia. Akamalizia kwa kupasha moto kingo zote tena, maana plastiki hii isipopashwa mwishoni hukumbuka ilivyokuwa imenyooka na kujikunjua. Babu akainuka. Macho yake hakuyaamini, akatumia kidole. Alikipitisha kwenye mshono kutoka mbele hadi nyuma, akakirudisha.

"Imekutana," akasema.

Mama mdogo akapumua. Nilimwona akitazama kuta za kile chumba, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanga vitu vyake.

Tukaisukuma nje, juani.

Chumbani kulikuwa na taa moja ya darini, na mwanga wake hausemi kila kitu. Jua linasema. Upande wa kushoto wa pikipiki ulikuwa mweusi kama sufuria ya kuni, na wa kulia wa kijivu kama jivu lenyewe. Nikazunguka upande wa pili nikadhani nimepona, kumbe sasa wa kulia ndio mweusi, kushoto ndiko kijivu. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mdomo wake hukata kuliko wembe wake, alimwacha mteja na povu shavuni akaja hadi mlangoni.

"Mzee Futi, hongera," akasema. "Umepata pikipiki mbili kwa namba moja."

Mama mdogo alinieleza kosa baadaye. Mistari ya plastiki hii hupokea mwanga kwa upande mmoja, kwa hiyo vipande vyote lazima vikatwe vikielekea kule roli linakoelekea, hata kama mistari haitakutana popote. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na kwenye pikipiki za wateja hakuwahi kulikosea hata mara moja. Lakini kwenye koti la mistari sheria ni kinyume. Kushoto na kulia lazima vitazamane, na koti ambalo mistari yake haikutani mgongoni, kwa babu, si koti ila gunia lenye mikono. Siku hiyo, baba yake akiwa ameketi nyuma yake, mikono yake ilishona koti.

Macho ya babu hayakuwa mabovu kiasi cha kutotofautisha nyeusi na kijivu. Aliizunguka pikipiki mara moja. Halafu akasema neno moja, kwa sauti niliyokuwa nikisikia akiwapa wanafunzi wake wa ushonaji.

"Fumua."

Uso wa mama mdogo ukajifunga. Nilidhani atalia au ataondoka, na mguu wake mmoja kweli ulisogea kuelekea barabarani. Kisha akaurudisha.

"Haifumuliwi, baba," akasema taratibu. "Inapashwa moto, halafu inabanduliwa. Nami ndiye nitakayeibandua."

Babu aliishika futi yake ncha zote mbili, kama mtu anayeshikilia kamba ya ng'ombe.

"Unaanzia wapi?" akauliza.

Tuliirudisha ndani. Mama mdogo alianza na kona ya chini. Akaipasha mpaka ikalegea, akaiinua kwa ukucha. Babu akasogeza kiti karibu. Baada ya muda akaomba ajaribu. Alipopewa, alivuta kwa kasi kama anavyochomoa uzi wa kupigia bandi, ule wa kushikiza nguo kwa muda, plastiki ikakatika, nusu ikabaki imeng'ang'ania tangi.

"Polepole, baba. Usiivute juu. Ilaze chini, iende yenyewe."

Babu akailaza. Sikuwahi kumwona mzee yule akitii mtu, na nilitamani mama awepo ashuhudie. Walibandua pamoja, yeye kushoto na binti yake kulia, gundi iliyobaki wakaifuta kwa spiriti. Kisha mama mdogo akakata vipande vipya, vyote vikielekea upande mmoja. Safari hii mistari haikukutana katikati. Ilipishana tu, kama watu wasiojuana kwenye ngazi. Babu aliutazama ule mshono, akafungua mdomo, akaufunga. Mama mdogo alimwona vizuri sana. Akaendelea kusukuma mapovu.

Nje, jua lilikuwa limeanza kulegea, lakini lilitosha. Pikipiki ilikuwa na weusi mmoja kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma. Kinyozi aliitazama kutoka kwake, akarudi kwa mteja wake. Habari za chumba hazikutajwa. Mama mdogo alikusanya visu vyake akavirudisha ubavuni, chini ya turubai, na akavipanga pale kama mtu atakayekaa pale siku zote.

Asubuhi nilitumwa kwa babu kupeleka mkate, nikakuta mlango wa chumba cha mbele uko wazi. Majora ya vitambaa yalikuwa yameshatolewa ukumbini. Kichwa cha cherehani kilikuwa kimelazwa ndani ya meza yake na kufunikwa shuka. Babu alikuwa amepiga magoti, anachokoa nyuzi kutoka kwenye nyufa za sakafu kwa sindano ya magunia, moja moja, ingawa sidhani alikuwa anaziona. Mama mdogo alikuja nyuma yangu, akasimama kizingitini.

Babu hakuinua kichwa. "Darini sijafika," akasema. "Kuna manyoya ya miaka huko juu, yatakuharibia. Lete kitambaa cha maji. Na wewe Polisi, acha kutazama, kalete ngazi."

Polisi ni mimi, kwa sababu ya maswali.

Sasa niko sekondari. Kile chumba kina mlango mpya unaojifunga wenyewe, na hata mwezi wa ukame huwezi kupata punje moja ya vumbi mezani. Cherehani iko chumbani kwa babu, anarekebishia vifungo vyake na vya majirani. Pikipiki haiendeshi tena, ila anaifuta kila asubuhi, na akipita mgeni humwonyesha mshono na kumweleza kwamba kwenye kaboni mistari haipaswi kukutana, na kwamba wengi hawajui hilo.

Likizo iliyopita nilikuwa nimekaa dirishani pangu, mama mdogo anapasha moto kingo za pikipiki ya mwalimu mmoja. Nikamuuliza tena lile swali la zamani, kwa maneno yaleyale. Nilidhani atanituma chai. Alimaliza ukingo uliobaki, akazima mashine, akasubiri mpaka mlio wake ukaisha.

"Nilishona nguo nyingi sana humu ndani," akasema. "Hakuna hata moja iliyotoka mlangoni kama nilivyoishona. Nikiondoka, baba alikuwa anazifumua na kuzishona upya. Hakunigombeza, wala hakuniambia nilikosea wapi. Basi nikatafuta kazi asiyoijua, ili nikikosea, kosa liwe langu."