Ua la Mahindi Kwenye Kaunta

Majuzi nilikuwa safarini Japani, na vumbi la maua ya miti lilinipigisha chafya hadi macho yakavimba. Muuzaji wa duka la dawa alijua Kijapani tu. Nikamkumbuka bibi.

Nilipokuwa mtoto, siku moja mahindi yetu ya kijijini Rhotia yalikuwa yamechanua, na bibi alikuwa amepiga chafya tangu asubuhi. Mimi na yeye tulikwenda Karatu mjini, kwenye duka la dawa lililonuka spiriti na sabuni. Bibi alijua lugha yetu ya Kiiraqw tu.

"Shikamoo, bibi. Unasumbuliwa na nini?" muuzaji aliuliza kwa Kiswahili.

Kiswahili nilikijua vizuri. Lakini nyuma yetu alisimama msichana wa darasa langu, na shuleni tuliwacheka waliozungumza Kiiraqw. Nikainamia viatu vyangu.

Bibi hakuniomba nimtafsirie. Alifungua fundo la khanga, akatoa ua la mahindi, akalisugua puani na kupiga chafya tatu zilizotikisa chupa. Kisha akaliweka kwenye kaunta na kukunja mikono, kama mtu atakayelala hapo hapo asipopewa dawa.

"Haya bibi, nimeelewa!" muuzaji alicheka, akamletea vidonge.

Nilidhani bibi amesahau kwamba mjukuu wake anajua Kiswahili, nikashukuru.

Kule Japani nilitoka nje, nikavunja kitawi chenye vumbi la njano ili nikamwonyeshe muuzaji. Nikiwa nimekishika, ndipo nilipotambua: bibi ua lake alilichuma shambani, kabla hatujatoka nyumbani, bila kunitegemea.