Siku Niliyomtetea Rais wa Wanjiru

Kuna Jumapili moja haitaki kunitoka kichwani, Aline mdogo wangu. Najua nasaha za mtu wa miaka kumi na saba zinachekesha. Vumilia. Nilikubadilisha nepi, kwa hiyo leo nitakuita mwanangu nipendavyo.

Tulikuwa jikoni kwetu Jordbro, hapa hapa Uswidi, mimi na Wanjiru, yule Mkenya wa Farsta ninayesoma naye. Kesho yake tulitakiwa kusimama mbele ya darasa na kueleza habari za rais wa Marekani aliyeongoza wakati wa vita vya Kaskazini na Kusini: je, alipigana ili watumwa wawe huru, au ili nchi isigawanyike? Wanjiru alisema ni mkombozi, basi. Mimi nilisema mwanzoni alitaka nchi moja tu, na alikuwa tayari kuuacha utumwa uendelee pale ulipokuwepo. Tena aliwahi kufikiria watu weusi wakishakuwa huru wapelekwe kuishi nchi nyingine. Tukabishana mpaka Kiswahili kikatuishia, tukahamia Kiswidi.

"Sawa, kila mtu asimame peke yake," Wanjiru akasema, akavaa koti.

Mwanangu, unanijua. Mimi ni yule ambaye kwenye basi nasubiri mtu mwingine abonyeze kengele ya kushuka. Kusimama peke yangu mbele ya darasa, bora niugue. Na rafiki nilikuwa naye huyo mmoja, ndiye anaondoka.

Bibi alikuwa anamenya ndizi. Bila kugeuka, alimwambia Wanjiru kwamba nyumbani kwake mtu haondoki na njaa, hata awe mbishi namna gani. Wanjiru akacheka, akamwita shosho, kama anavyomwita bibi yake, akavua koti. Tukiwa tunasubiri sufuria, Bibi akatusimulia kwamba huko Burundi baba yake alikuwa mmoja wa wazee walioamua kesi za majirani kilimani kwao. Mbele yake hukuruhusiwa kujitetea kabla hujaeleza madai ya mwenzako, mpaka mwenzako mwenyewe aitikie kwa kichwa. Kisha akaninyooshea kisu: nianze.

Nikaanza kumtetea rais wa Wanjiru.

"Hapana," Wanjiru akasema. "Hiyo umeisema kama mtu anaumwa jino."

Nikarudia. Nikasema rais yule aliuchukia utumwa tangu zamani, lakini aliamini nchi ikivunjika hatakuwa na uwezo wa kumkomboa yeyote. Kwamba vita vilimbadilisha, akawatangazia uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi, kisha akapigania sheria ya kuukomesha utumwa nchi nzima. Wanjiru akaitikia kwa kichwa. Cha ajabu, sauti yangu haikutetemeka. Maneno ya mwenzangu yalikuwa mepesi kuliko yangu.

Ikawa zamu yake.

"Huyu anaogopa umoja ambao ndani yake yeye anahesabiwa mgeni," alisema akininyooshea kidole. "Amezaliwa hapa, na bado watu humuuliza atarudi lini kwao."

Sikuwahi kumwambia hivyo. Nikaitikia kwa kichwa huku nikiangalia meza.

Bibi akasema, "Sisi kule Burundi tulihubiriwa umoja sana. Aliyeumia aliambiwa anyamaze, asije akauvunja. Huyo rais wenu alichelewa, lakini mwishowe aliona kwamba nchi haiwezi kuwa moja huku wengine wamefungwa. Haya, leteni sahani."

Kesho yake tulisimama wawili, kila mmoja akaeleza upande wa mwenzake. Mwalimu alipouliza nani kati yetu yuko sahihi, darasa zima likaanza kubishana, likatusahau. Nilifurahi sana kusahauliwa.

Basi nakuusia hivi, mwanangu. Ukibishana na mtu unayempenda, jifunze kwanza kuyasema ya kwake vizuri kuliko anavyoyasema mwenyewe. Mtu mkubwa usimfanye malaika wala shetani. Angalia alikoanzia na alikofika. Na ukisikia watu wanasifu umoja, iwe shuleni, kanisani au bungeni, tafuta aliyeambiwa anyamaze, ukakae karibu naye.

Mungu akukuze. Akupe masikio mapana na marafiki wabishi, na siku sauti yako itakapotetemeka, akujalie uendelee kusema.