Kiapo cha Mama Mdogo Dukani

Mama mdogo wangu anauza visheti na mikate ya kumimina hapa Bagamoyo, na oda zake zote huja kwa simu. Ndiyo maana simu yake mpya ilipozima na kukataa kuwaka, hata nusu ya mwaka wa waranti haijafika, nilifuatana naye siku hiyohiyo hadi dukani alikoinunua. Kadi ya waranti aliihifadhi kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe, safi kama alivyopewa.

Fundi aliifungua simu, kisha akamwita mwenye duka, kijana mpole wa moja ya familia za Kiarabu za mjini. Wakatuonyesha kibandiko kidogo kilichomo ndani. Kikitoka kiwandani huwa cheupe. Kikiguswa na majimaji hugeuka rangi. Hiki kilikuwa chekundu kama mdomo uliotoka kutafuna tambuu. Kijana akatueleza kwa adabu kwamba waranti hubeba kosa la kiwanda tu. Maji hayamo.

Mama mdogo akaweka kiganja juu ya kaunta, wateja wakitazama.

"Wallahi, simu hii haijaona maji."

"Mama, mimi nakuamini," kijana akasema. "Lakini kiwanda hakipokei kiapo. Kinatazama kibandiko."

Nilirudi nyumbani nimekasirika kwa niaba yake. Ninamjua tangu nikiwa mtoto, na kuapa si desturi yake. Hata sokoni, wenzake wakiapa kwa ajili ya nyanya, yeye husema bei akanyamaza. Nikaandika barua ya malalamiko kurasa mbili, nikimweleza kila aya kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Nilimweleza kwamba vibandiko hivyo wakati mwingine hubadilika kwa unyevu wa hewa tu, na hewa ya pwani tunaijua. Tulikubaliana kuipeleka Jumatatu.

Jumapili alikuwa akianika nguo alizovaa harusini majuzi. Nikamwona amesimama na gauni puani, ananusa. Akaniuliza kama ile video aliyoipiga kwenye harusi ya kule Zinga, akanitumia siku ileile, bado ninayo.

Ninayo, nikamwambia. Tukakaa mkekani tukaitazama. Bibi harusi anatolewa, wanawake wanapiga vigelegele, na mama mdogo, anayerekodi, ameinua simu juu ya vichwa ili asikose kitu. Kisha anatokea shangazi wa bibi harusi na mrashi, kile chombo cha shingo ndefu cha kunyunyizia wageni marashi. Ananyunyiza kulia, ananyunyiza kushoto, na alipofika kwa mama mdogo akaongeza, kwa mapenzi. Matone yakatapakaa kwenye kioo. Picha ikawa ukungu, ikaishia hapo. Hapo, akakumbuka, aliirudisha simu kifuani ikiwa imelowa.

Nikamwambia, na sasa naona haya kulisema, kwamba hakuna aliyeiona video hiyo ila sisi.

"Mimi na wewe tutanyamaza," akasema. "Na Yule niliyemtaja?"

Jumatatu alichagua saa ambayo duka hujaa, kwa kuwa aliapa mbele ya watu na alitaka kuyarudisha maneno yake mbele ya watu. Video hatukuweza kuionyesha. Wanawake wamo bila buibui. Kwa hiyo alisimulia kwa mdomo, pole pole, tangu mrashi hadi kifuani, na mwenye duka akamsikiliza bila kumkatiza.

"Niliapa bila kujua," akamaliza. "Kibandiko chako kilisema kweli. Nisamehe, baba."

Kijana alishika kichwa. Akamwambia amekaa kwenye kaunta ile miaka, na watu hurudi kugombana. Mtu kurudi kumwambia kwamba alikuwa sahihi, ndiyo mara ya kwanza. Waranti hakuweza kuirudisha, na mama mdogo hakuiomba. Aliomba tu fundi aisafishe simu, kwa malipo, kama mteja mwingine yeyote.

Simu ikafufuka, ila spika inakoroma kama mtu mwenye mafua. Oda zinaingia.

Siku tatu zilizofuata alifunga. Nilimwambia kuwa, nijuavyo mimi, aliyeapa akidhani anasema kweli hadaiwi kafara ya kiapo. Akasema anajua. "Nafunga ili ulimi ukumbuke."

Siku ya tatu nilikwenda kufuturu naye. Tulipomaliza akaniambia nimsomee ile barua, maana hakuwahi kuisikia yote kwa mkupuo mmoja. Nikaisoma hadi mwisho. Alitikisa kichwa kwa kuridhika kila nilipofika mahali palipokolea.

"Barua nzuri sana, mwanangu," akasema, akinisogezea sahani ya visheti. "Iweke vizuri. Atakuja mwenye haki nayo."