Otilia Millalonco aupima upya mwamba wa Gego

Saa moja asubuhi, boti ya upimaji imesimama katikati ya mlango-bahari wa Quenuao, injini ikiunguruma taratibu. Otilia Millalonco amevaa koti la mvua linalomfika magotini, na mkononi ameshika kamba yenye chombo cha chuma kisichozidi urefu wa mkono wake. Mabaharia wanakiita chupa. Anakishusha majini mpaka kiguse chini, kisha anakivuta, akihesabu bila kutoa sauti.

"Tena?" anauliza nahodha Heriberto Guenteo kutoka kwenye usukani. "Umeitumbukiza sasa hivi tu, bibiye. Samaki wataanza kukuamkia."

"Wakiniamkia nitaitikia," anajibu Otilia bila kugeuka. "Wewe shika boti isiyumbe."

Leo ni siku ya mwisho. Kesho boti inatakiwa kaskazini, na msimu wa kupima unafungwa mpaka mwakani. Kazi iliyochukua siku mbili inabidi irudiwe yote kabla giza halijaingia, kwa sababu aliyeiharibu ni Otilia mwenyewe. Hilo analisema wazi, tena hangoji kuulizwa mara mbili.

Otilia ana miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kusikiliza sakafu ya bahari. Mashine iliyofungwa chini ya boti hutuma mlio majini, mlio hugonga chini na kurudi, na muda uliotumika njiani ndio unaoonyesha kina. Boti huenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, kama mtu anayelima matuta ya viazi.

Alianza kama mpishi kwenye meli ya upimaji. Alikuwa akimpelekea mpimaji chai yake, na akishampa haondoki. Anasimama nyuma yake akitazama skrini huku vitunguu vikiungua jikoni. "Walichoka kula vilivyoungua," anacheka. "Wakaona afadhali wanifundishe." Leo analipwa peso laki nane kwa mwezi, na bado anaambiwa supu yake haikuwa na mpinzani.

Amepima bandari nyingi, lakini kwao hapajawahi kupimwa. Quenuao ni kisiwa cha watu mia tatu na kumi, na kivuko hakifiki huko. Hakuna kampuni inayokubali kupitisha chombo chake mahali ambapo ramani haina hata tarakimu moja.

"Nimepima bandari za watu ambao hata jina la kasisi wao silijui," anasema. "Kwetu ramani ilikuwa nyeupe kama shuka."

Anayelipia weupe huo ni mama yake, Rudecinda Barría, mwenye miaka sabini na minne. Ana kisukari na kidonda cha mguu, na kila baada ya wiki mbili anatakiwa hospitali ng'ambo. Huvuka kwa mashua ya jirani isiyo na paa, mwendo wa saa nne bahari ikiwa tulivu. Majira ya baridi yaliyopita alikosa kliniki mara tano, na akapoteza vidole viwili vya mguu.

Ndiyo maana boti ilipopangiwa Quenuao mwezi huu wa Machi, Otilia hakulala kwa furaha. Na furaha hiyo hiyo ndiyo iliyomponza.

Mvua ikinyesha, mto wa kisiwa hicho humwaga maji yasiyo na chumvi, nayo huelea juu ya maji ya bahari. Sauti ikipita humo hubadili mwendo na kupinda, na kina kinachoandikwa huwa cha uongo. Dawa yake ni chupa, kwani ndiyo inayopima mwendo wa sauti kutoka juu mpaka chini, na mvua ikianza lazima ishushwe tena na tena. Siku ya kwanza Otilia aliishusha alfajiri, mara moja tu. Mvua ikaja, naye kwa furaha ya kupima kwao akaendelea na mistari. Siku ya pili hali ikawa ile ile.

Jana jioni alipokuwa akisuuza kikombe ubavuni mwa boti, alilamba vidole. Havikuwa na chumvi.

"Nililamba tena," anasema. "Kila mtoto wa Quenuao anaujua mchezo huo. Mto ukijaa, unachovya mkono baharini unakunywa. Mgeni angesahau, ningemsamehe. Lakini mimi!"

Alikimbilia skrini. Sakafu ya bahari ilikuwa imejikunja kingo zote mbili za kila mstari, kama ngozi inayokauka juani.

"Kompyuta si ina njia ya kunyoosha?" Heriberto alimwambia. "Pitisha pasi hapo. Nani ataona?"

"Kivuko kitaona, don Heri. Kwa tumbo lake."

Kishawishi kilikuwa kikubwa, na Otilia hakifichi. Katikati ya mlango-bahari kuna mwamba ambao wavuvi wanauita Gego. Vipimo vile vibovu vilisema kuwa hata maji yakipwa kabisa, juu ya Gego hubaki mita tano nukta sita. Kivuko kinahitaji tano. Angenyamaza, kisiwa kingefunguliwa.

Alichukua redio akamwambia mkuu wake kila kitu. "Una kesho tu," akajibiwa. "Ukishindwa tunaandika haijapimwa."

Basi leo chupa inashuka kila baada ya dakika arobaini. Chakula cha mchana ni milcao, mikate ya viazi iliyopoa, inayoliwa kwa kusimama. Mvua inaanza saa sita. Heriberto analalamika kuhusu mgongo, mafuta na wanawake wa Quenuao kwa jumla, lakini boti haipindi hata kidogo.

Saa kumi na nusu jioni, kwenye mistari ya mwisho, wanapita juu ya Gego. Otilia anasoma tarakimu, anashusha chupa, wanapita tena. Mita nne nukta tatu.

Anavua miwani. Machozi yanamtoka na hayafuti.

"Kwa hiyo hakiingii," Heriberto anasema kwa upole.

"Hapa hakiingii." Anabaki akitazama ufukwe wa magharibi, penye kanisa. "Don Heri, mama alikuwa akituvusha kwa makasia akiambaa upande wa kanisa. Njia ndefu, tukimlalamikia kila siku. Twende huko."

"Huko hatukupangiwa."

"Tuna saa tatu za mwanga."

Nahodha anageuza usukani. Mstari wa kwanza unatoa mita kumi na moja. Wa pili, tisa. Wanapita mara kumi na nne, na hakuna mahali panapopungua nane. Njia ni pana vya kutosha, tena inafika mpaka gatini.

Jua linapozama Otilia anapiga simu nyumbani. "Mama, kwa nini ulikuwa unapita upande wa kanisa?"

"Kwa sababu bibi yako alipita huko," sauti ya Rudecinda inasikika mpaka kwenye usukani. "Umesoma miaka yote hiyo, unakuja kuniuliza mimi?"

Heriberto anacheka mpaka anakohoa.

Ramani mpya inatarajiwa mwakani. Otilia amepania kupanda kivuko cha kwanza pamoja na mama yake, wakae ndani, penye joto, kama abiria wengine. "Skrini sitaigusa," anaapa.

Kwa sasa kliniki ni Alhamisi ijayo, na mashua ni ile ile isiyo na paa. Otilia ameomba ruhusa ya siku moja. Ataupakata mguu wa mama yake saa zote nne, na watapita upande wa kanisa.