Nilimzika Baba kwa Simu Nikiwa Tanga

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Jina langu sitalitaja kwa sababu mama yangu bado anaishi Karatu na ana watu wa kuwatazama usoni. Nisikilize tu.

Nilikuwa dereva wa watalii. Nimewashusha wageni kreta ya Ngorongoro kwa miaka, mpaka nilipompata mgeni mmoja ambaye baadaye akawa mke wangu. Ni mzungu, amenizidi umri kidogo, na ni mtu mwema. Kosa hili si lake.

Pale Karatu dereva akioa mgeni, watu hawaulizi kama ataondoka. Wanauliza ataondoka lini. Viza yangu ya kwenda kwao Ulaya ilikuwa bado, lakini nilijiona nimeshafika. Nikaagwa kwa ibada, mbuzi wakachinjwa, na baba akasimama na kofia yake mkononi akaniombea mbele ya majirani. Mzee wangu alikuwa mkulima wa ngwara, yale maharage yetu ya Karatu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ile aliongea hadi mchungaji akatazama saa.

Tukiwa Dar tunasubiri, viza ikakataliwa.

Mke wangu wala hakusikitika. Alishasikia kwamba wenzake kadhaa wanaishi Tanga, maisha nafuu, bahari karibu, na kazi yake anaifanya kwenye kompyuta popote alipo. Kwa kodi ya chumba kimoja cha kwao tukapata nyumba nzima yenye bustani na mlinzi. Mimi nikajisemea, nyumbani nitawaambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikapita. Ningeanzia wapi kuwaambia watu walioniaga kwa mbuzi kwamba nimeishia Tanga?

Basi nikawa Ulaya. Nilipiga kwa WhatsApp, kwa laini ya simu ya kwao mke wangu, na nikajifunza kusema huku sasa hivi ni saa ngapi.

Maisha yenyewe yalikuwa mazuri, nisidanganye tena. Ijumaa jioni wazungu wanaoishi pale hukutana kuzungumzia bei ya pweza na vibali vya ukaazi. Mimi nilikaa nao nikicheka wanapocheka. Mmoja aliwahi kuniuliza kama nimeshaizoea Tanzania. Nikamjibu kwamba naizoea taratibu.

Baba alikuwa akiuliza jambo moja tu. "Mwanangu, unakuja lini?"

"Nauli, Baba. Ndege siyo basi."

"Haya, usijitese. Sisi tupo."

Akaanza kuumwa kifua. Akaniuliza tena, nikamjibu vilevile.

Asubuhi moja mdogo wangu, Safari, akapiga. "Kaka, Mzee ametutoka. Mama anasema tukusubiri. Hata wiki tutakaa, Mzee yuko mochwari. Huwezi kukosa wewe, udongo wa kwanza ni wa kwako."

Kwetu ndivyo ilivyo, mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutupa udongo. Babu alizikwa hivyo, na baba ndiye aliyetangulia.

Nilikaa kitandani. Basi la kesho yake alfajiri lingenifikisha Karatu usiku huohuo. Lakini nilikuwa nafikiria pasipoti isiyo na muhuri hata mmoja, na watu watakaoniuliza nimepitia uwanja gani. Baba yangu amelala mochwari, na mimi naogopa maswali. Huo ndio utu niliokuwa nao asubuhi ile.

Nikamwambia Safari, "Zikeni tu. Huku hawajanipa ruhusa."

Nikamzika baba yangu kwenye simu. Nilifunga madirisha, nikavaa sweta kwenye joto la Tanga, jasho likinitiririka mgongoni. Safari aliisogeza simu kaburini, watu wakanipungia. Udongo wa kwanza akautupa yeye. Kisha akampelekea Mama simu ili nimpe pole. Nikiwa katikati ya kumpa pole, muuza samaki akapita nyuma ya ukuta wetu akinadi samaki changu kwa Kiswahili cha pwani, kwa sauti yake yote. Nikazima sauti haraka. Mama hakusema kitu. Nikadhani hakusikia.

Sikulia. Hata sasa sijalia, na sijui kama machozi yapo.

Miezi ilipita ndipo nikapata ujasiri wa kwenda, na begi kubwa na chokoleti za kununua Dar. Watu walinipokea vizuri. Walipotawanyika, Mama akaniwekea chai, akakaa mbele yangu.

"Ni Tanga au ni Dar?" akauliza.

Nikajibu, "Tanga."

"Nilimsikia yule wa samaki. Nikasema labda nimechanganyikiwa na msiba." Akanisogezea kikombe. "Wewe ungekuja hata kwa miguu, ningekufichia aibu yako yote."

Nikapiga magoti. Nikamwambia kesho naenda kanisani kuwaambia watu wote ukweli. Akanishika mkono, si kwa upole.

"Hutasema. Wakidhani uko Ulaya, wanasema mwana wa fulani alikosa ndege. Wakijua ulikuwa Tanga, watasema fulani alizaa mtoto akakataa kumzika. Baba yako hatalala na neno hilo. Kesho utapanda gari, utarudi Ulaya."

Nikarudi Ulaya.

Siku hizi nikimpigia huwa anapokea mbele ya majirani, ananiuliza habari za huko kwa furaha, na ananisaidia kudanganya vizuri kuliko nilivyokuwa nikidanganya peke yangu. Wakiondoka, anakata simu.

Wewe uliyeaga kwenu kwamba unakwenda nje na uko Tanga, uko Mombasa, uko popote pa karibu, wapigie leo. Watakucheka, sawa. Mama yako atakugombeza mpaka simu ipate moto. Mwache akugombeze. Mimi wangu hanigombezi tena.