Mume Wangu Alipoacha Kunipeleka Kazini

Tulijenga Kihonda kwa sababu kiwanja kilipatikana huko. Mume wangu anafundisha chuoni Mazimbu, si mbali na nyumbani. Mimi nafundisha jiografia katika shule ya sekondari upande wa Kilakala, chini ya milima. Kila asubuhi alinipeleka mimi kwanza, tukavuka mji mzima, kisha akageuza gari kurudi alikotoka. Jioni vivyo hivyo.

Niliipenda safari ile. Nyumbani kuna watoto, wageni na madaftari ya kusahihisha. Ndani ya gari tulikuwa wawili tu. Humo ndimo tulimopanga harusi ya mdogo wangu, na humo ndimo nilimomlilia baba yangu alipofariki. Sikujali kwamba pale njia panda ya Msamvu tulikwama nyuma ya malori, moshi ukipenya hata vioo vikiwa vimefungwa. Jioni nikivua ushungi wangu mweupe, pindo lake lilikuwa limegeuka kijivu. Nilifua, nikapiga pasi, basi.

Kisha mgongo wake ukaanza kumsumbua. Akishuka garini alishika mlango kwanza, akasimama ameinama kama mtu aliyeangusha kitu. Daktari akamwambia apunguze kukaa kwenye usukani. Alikaa na neno hilo siku kadhaa, akaja kuniambia tukiwa kwenye foleni.

"Mke wangu, nataka niwe nakwenda chuoni kwa miguu."

"Na mimi?"

"Upande basi, kama walimu wenzako."

"Kwa hiyo nimekuwa mzigo."

"Si hivyo. Hebu tazama. Tunachoma mafuta, namaliza mgongo, viti vya nyuma vitupu, ili mwisho wake nifike mahali ninapoweza kufika kwa miguu."

Nilishuka shuleni bila kumuaga. Nikaingia darasani kufundisha ukataji wa misitu ya Uluguru, lakini siku hiyo somo halikunitoka vizuri.

Wiki za mwanzo nilikuwa na hasira. Mvua ilininyeshea kituoni, nikafika nyumbani nimechoka, natafuta wa kugombana naye. Jioni moja nilimkuta jikoni anakaanga vitunguu, matembele keshayachambua.

"Pole na safari," alisema. "Kaa hapo nje, usiingie huku."

Nilikaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Alileta ugali na mboga, akaketi mbele yangu, uso kwa uso. Miaka yote ile garini nilikuwa nikizungumza na shavu lake la kushoto.

"Mbona unaniangalia hivyo?"

"Ndevu zako zimeota mvi."

"Zina siku nyingi hizi."

Tukacheka. Mboga ilizidi chumvi, tukaila hivyo hivyo.

Sasa gari hulala uani siku za kazi. Jumamosi tunapanda nalo milimani kwa mama mkwe, na majirani wenye ndugu huko wanajaza viti vya nyuma. Moshi wa Msamvu haujapungua kwa ajili yetu, sijidanganyi. Lakini mume wangu akiswali anainuka mwenyewe bila kushika ukuta, na watoto wanamkuta nyumbani wakitoka shule. Mimi siku za mvua bado nalalamika, naye ananisikiliza huku anamenya vitunguu.