Nailoni Juu ya Sakafu ya Mama

Mama alipopata kiharusi, mkono na mguu wake wa kushoto vililegea, na kwenda chooni kukawa safari. Choo chetu kilikuwa nje, nyuma ya nyumba, na mvua ikinyesha kule kwetu Mbagala uwanja wote unageuka tope. Nikaamua kuongeza chumba. Tungebomoa kipande cha ukuta wa sebule na kuunganisha chumba chenye choo humohumo ndani, Mama asitoke tena nje.

Alikubali kwa sharti moja. "Jengeni, mwanangu, lakini sakafu yangu msiiharibu."

Sakafu ya sebule ilikuwa ya niru nyekundu, ile saruji laini inayosuguliwa mpaka ing'ae. Marehemu baba aliimwaga mwenyewe walipohamia kutoka Masasi, na Mama akaisugua kwa jiwe akiwa na mimba yangu. Tangu hapo aliipaka nta kila Alhamisi, ili Ijumaa iikute safi. Watoto wa jirani walivua viatu barazani bila kuambiwa.

Fundi niliyempata alikuwa mtu wa makamo, mpole, wa kutoka kusini kama sisi. Kila asubuhi alianza na Mama kabla hajagusa chombo. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Umeamkaje?" Hakupenda kupoteza kitu. Ukuta hakuupiga nyundo ovyo, alichomoa tofali moja moja ili tuyatumie tena. Mama alikaa uani kwenye kigoda, tofali limelazwa mbele yake, akibandua saruji kavu kwa kisu butu na ule mkono wake mmoja mzima. Mlango wa mninga tuliung'oa ukasubiri kufungwa kwenye chumba kipya. Siku zile Mama alicheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu augue.

Kuhusu sakafu, fundi alinieleza vizuri. "Tafuta maboksi, kaka, tuyafunue, tuyatandike mawili mawili, tubane kwa solotepu. Nailoni usiweke. Vumbi la saruji likikaa juu yake, maji yakidondoka, inateleza kama sabuni. Na mama anapita hapa."

Nikaitikia. Lakini maboksi yalitaka kuzunguka madukani kuomba, na duka la vifaa lilikuwa njiani. Nikanunua nailoni nyeusi, jioni nikaitandika mwenyewe, ukuta hadi ukuta. Asubuhi fundi akaiangalia.

"Kaka, hii tuiondoe."

"Ya siku mbili tu, fundi. Jumamosi naleta maboksi."

Jumamosi ikapita, na nyingine ikapita.

Siku yenyewe nilikuwa nyumbani. Ilikuwa adhuhuri. Mama alitoka uani kutia udhu, akarudi ndani miguu ikiwa bado mibichi. Mie nilikuwa chumbani. Nikasikia fimbo yake ikikwaruza, kisha kishindo kifupi, kama mfuko wa saruji ulioangushwa. Nilimkuta amelala ubavu, kanga imemvuka kichwani, anasema, "Mguu wangu, mguu wangu." Fundi alikuja mbio, mikono imejaa udongo wa saruji. Yeye ndiye aliyesema tusimkunje. Akauleta mlango wa mninga, tukamlaza juu yake, tukampakia hivyohivyo kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo cha jirani, mpaka hospitali.

Nyonga ilikuwa imevunjika.

Dada yangu mkubwa alifika kutoka Tegeta akiwa amepitia nyumbani kuchukua nguo. Alinikuta kwenye korido, kando ya kitanda cha magurudumu alicholazwa Mama.

"Nani kaweka nailoni sebuleni? Mtu mgonjwa, miguu yenyewe haina nguvu!"

"Fundi," nikasema.

Neno lenyewe lilinitoka kabla sijafikiri. Ningeweza kulirudisha palepale, na sikulirudisha. Mama alikuwa macho. Alinitazama, halafu akageuzia uso ukutani.

Dada alimpigia fundi jioni ile na kumwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Fundi hakunipigia mie kuniuliza kitu. Hakurudi tena, hata ndoo yake na pima maji ya kunyooshea kuta aliviacha uani. Kazi ilimaliziwa na mwingine.

Mama alirudishwa kwenye chumba chake kipya, na kile choo cha ndani hakukitumia hata mara moja. Hakuinuka tena. Vidonda vya mgongo vilianza, kisha kifua kikajaa. Siku moja nilijikaza nikasema, "Mama, ile nailoni..." Akanikatiza. "Nigeuze, mwanangu, ubavu unaniuma." Nikamgeuza. Wiki ile ile akafariki.

Tuliikunja nailoni, ambayo hakuna aliyeiondoa tangu Mama aanguke, ili wanawake wa msibani wapate pa kukaa. Chini yake sakafu ilikuwa nyekundu, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Dada alikaa juu yake akalia kwa sauti.

Fundi alikuja. Alivaa kanzu, akaenda na vijana kuchimba kaburi. Aliporudi kunawa mikono, dada akasema, kila mtu akasikia, "Huyu naye kafuata nini hapa?" Mie nilikuwa hatua tatu kutoka kwa fundi. Nikainama kama mtu anayetafuta kiatu. Fundi alinawa, akakaa kwenye mkeka na wenzake, hakuondoka mpaka tumemzika Mama.

Baada ya arobaini nikamwambia dada ukweli. 

"Ukaniacha nimtukane mtu aliyemchimbia mama yangu kaburi?"

Akachukua mkoba wake akaondoka. Tunaongea siku hizi, lakini ni habari za wagonjwa na harusi tu.

Fundi nilimfuata Goba, alikokuwa akipiga plasta kwenye nyumba ya mlimani. Nilimpelekea vyombo vyake. Nikaanza, "Fundi, nilisema ni wewe..."

"Najua ulichosema. Mtaani kwenu nilikuwa nimeahidiwa kazi ya nyumba mbili. Wenyewe wote wawili wakaniambia hawamtaki fundi aliyemwangusha mama wa watu." Akaifuta pima maji kwa shati. "Dada yako umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Na wale wa nyumba mbili?"

Nikaisogeza ndoo yake karibu na jukwaa.

"Basi nenda huko kwanza," akasema, akapanda jukwaani kuendelea na ukuta wake.

Nilikwenda. Wa kwanza alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema kazi keshampa mtu mwingine. Wa pili, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akisali na Mama, nyumba yake ilikuwa tayari imeezekwa. Alinikaribisha ndani, akanipa kiti, akaniuliza kwa nini nimekuja kumwambia sasa.